NI WAKATI GANI KUNYONYESHA KUNAWEZA KUMDHURU MAMA AU MTOTO

Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba

Kunyonyesha ni jambo la kawaida katika kila mtaa na kila kijiji cha Visiwa hivi, na kwa sababu ya ukawaida wake ni watu wachache wanaojiuliza iwapo upo wakati ambapo ziwa la mama huweza kuwa na madhara. Suala hilo huzuka ghafla: mama ameugua, ameandikiwa dawa asiyoijua, amepewa majibu ya damu yake, au amegundua kuwa amechukua mimba nyengine. Hapo nasaha hutoka kila upande, na nyingi katika hizo huishia kwenye neno moja, nalo ni kumwachisha mtoto ziwa.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza ni hali zipi hasa ambazo humlazimu mama asinyonyeshe, ni zipi zinazomtaka asitishe kwa muda tu, na ni zipi ambazo watu huzidhania kuwa ni sababu na kumbe sizo. Jambo la msingi linalopaswa kufahamika tangu mwanzo ni kwamba hali za fungu la kwanza ni chache mno, na huthibitishwa na daktari kwa uchunguzi, si kwa makisio ya nyumbani. Uamuzi wa kumwachisha mtoto mchanga bila ya uthibitisho huo mara nyingi humtia katika hatari kubwa zaidi kuliko ile iliyokuwa ikiogopwa.

HATARI YA KUACHA NAYO IPIMWE

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama peke yake bila ya maji wala uji mpaka atimize miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vyengine mpaka umri wa miaka 2 au zaidi. Ushauri huo haukutolewa kwa mapendeleo. Maziwa ya mama yana chakula kinachomtosha mtoto wa umri huo, na yana kinga dhidi ya maradhi ya kuharisha, homa ya mapafu na maambukizo ya masikio, kinga ambayo haipatikani katika kopo lolote.

Mtoto anayeachishwa mapema hulishwa maziwa ya kopo au ya ng'ombe. Unga wa maziwa ya kopo si kitu kilichouliwa vijidudu vyote, ndiyo maana wataalamu wanataka uchanganywe kwa maji yaliyochemshwa ambayo moto wake haujashuka chini ya nyuzi 70 za Selsiasi, kisha yapozwe na kutumiwa mara moja. Kazi hiyo hufanywa mara sita au nane kwa siku, usiku na mchana, kwa chombo safi na kwa kipimo kamili. Nyumba ambayo kopo linatakiwa lidumu mwezi mzima ilhali mtoto hulimaliza kwa siku chache huanza kuongeza maji, na mtoto hudhoofika huku anaonekana ameshiba.

Mfano wa jambo hilo ulionekana nchini Botswana mwanzoni mwa mwaka 2006. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikiwapa bila malipo maziwa ya kopo akina mama wenye virusi vya Ukimwi ili wasiwaambukize watoto wao. Mvua kubwa isiyo ya kawaida ilinyesha, maji yakachafuka, na maradhi ya kuharisha yakaenea. Watoto wengi walifariki, na uchunguzi uliofuata ulibainisha kuwa waliokuwa hawanyonyi ndio walioathirika kwa kiwango kikubwa zaidi. Nia ya mpango ule ilikuwa njema, lakini hatari moja iliepukwa na nyengine ikaingia kupitia chupa. Visiwa vyetu, ambavyo vilipatwa na mripuko mkubwa wa kipindupindu katika miaka ya 2015 na 2016, vina kila sababu ya kuuzingatia mfano huo.

HALI ZINAZOTOKANA NA MTOTO MWENYEWE

Yapo maradhi machache ya kuzaliwa nayo ambayo humfanya mtoto ashindwe kuyatumia maziwa ya mama. La kwanza ni galaktosemia, ambapo mwili wa mtoto hauwezi kuivunja sukari iliyomo katika maziwa. Mtoto huonekana mzima anapozaliwa, lakini baada ya siku chache za kunyonya huanza kutapika, kuwa manjano, kulegea na kukataa ziwa, na akichelewa kutibiwa ini na ubongo huharibika. Mtoto huyo hatakiwi kupewa maziwa ya mama wala ya mnyama, bali maziwa maalumu yasiyo na sukari hiyo. Maradhi mengine ya namna hii huufanya mkojo utoe harufu ya sukari iliyoungua, nayo pia huhitaji chakula maalumu. Maradhi yaitwayo fenilketonuria humruhusu mtoto anyonye kwa kiasi, pamoja na chakula maalumu na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Yote haya ni nadra sana.

Isichanganywe na maradhi hayo ile hali ya manjano inayowapata watoto wengi katika siku za mwanzo. Manjano ya kawaida haizuii kunyonya, bali kunyonya mara kwa mara huisaidia kuondoka. Mtoto ambaye manjano imemtokea siku ile ile aliyozaliwa, au imefika viganja na nyayo, au ambaye amelegea na hanyonyi, apelekwe hospitali bila ya kuchelewa.

Watoto waliozaliwa kabla ya wakati, hasa wenye uzito wa chini ya gramu 1,500, pengine huhitaji kuongezewa lishe kwa muda maalumu pamoja na maziwa ya mama. Hapa ifahamike kuwa nyongeza haiondoi asili. Mtoto asiye na nguvu ya kunyonya, au mwenye mdomo au kaakaa lililopasuka, hukamuliwa maziwa ya mama yake na kulishwa kwa kikombe kidogo au kwa mpira maalumu mpaka atakapoweza.

VIRUSI VYA UKIMWI

Hakuna suala lililobadilika zaidi kuliko hili, na wapo wananchi ambao bado wanashikilia nasaha zilizopitwa na wakati. Mwaka 1985 madaktari wa Australia walieleza habari za mama aliyeambukizwa virusi kwa damu aliyoongezwa baada ya kujifungua, kisha mtoto wake naye akapatikana na virusi hivyo. Tangu hapo ikajulikana kuwa maziwa ya mama yanaweza kupitisha virusi. Mwaka uliofuata, 1986, wagonjwa wa mwanzo wa Ukimwi waligunduliwa Zanzibar. Kwa miaka mingi baada ya hapo mama mwenye virusi alikabiliwa na njia mbili, na zote zilikuwa na hofu.

Pasipokuwa na hatua yoyote ya kinga, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na akina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa, ama tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama kwa kunyonya. Hatua za kinga zikitekelezwa ipasavyo, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Kilicholeta mabadiliko hayo ni dawa za kupunguza makali ya virusi, ambazo mama hupewa mara anapogunduliwa na kuzitumia maisha yake yote. Dawa hizo hupunguza virusi katika damu na katika maziwa kwa pamoja.

Kwa hivyo, tangu mwaka 2016 ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa nchi zilizochagua njia hii ni kuwa mama mwenye virusi anayetumia dawa zake kikamilifu anyonyeshe kwa angalau miezi 12, na anaweza kuendelea mpaka miezi 24 au zaidi kama akina mama wengine. Mtoto naye hupewa dawa ya maji ya kumkinga katika wiki za mwanzo, hupimwa akiwa na umri wa wiki 6, na hupimwa tena baada ya kuacha kunyonya.

Pamoja na hayo, zipo hali nne ambazo huifanya hatari kuwa kubwa, na kila mzazi anapaswa kuzifahamu.

Kwanza, ni mama aliyeacha dawa au anayezitumia kwa kuruka siku. Virusi hurudi kwa wingi katika maziwa bila ya yeye kuhisi lolote. Mama wa namna hii asijifiche. Arudi kliniki siku ile ile ili apewe utaratibu wa kumlinda mtoto.

Pili, ni kuchanganya. Uchunguzi uliofanywa Durban, Afrika ya Kusini, na kutangazwa mwaka 1999 ulionesha kuwa watoto waliopewa maziwa ya mama pamoja na vyakula au vinywaji vyengine katika miezi ya mwanzo waliambukizwa zaidi kuliko waliopewa maziwa ya mama peke yake. Maji, uji na maziwa mengine huweza kuudhuru utando laini wa utumbo wa mtoto. Hata hivyo, mama anayetumia dawa ambaye kwa udhaifu wowote ameshachanganya haambiwi aache kunyonyesha. Huambiwa arejee kwenye utaratibu.

Tatu, ni chuchu zilizopasuka, ziwa lililovimba kwa uambukizo, au jipu. Mama mwenye virusi aliyepatwa na hali hiyo anyonyeshe kwa ziwa zima, alikamue lile lenye maradhi na kuyamwaga maziwa yake mpaka apone, na apate matibabu haraka.

Nne, na hii ndiyo isiyojulikana na wengi, ni mama aliyepimwa wakati wa ujauzito akakutwa hana virusi, kisha akaambukizwa katika kipindi cha kunyonyesha. Maambukizo mapya huja na virusi vingi mno katika damu, na mama mwenyewe hajui kitu. Ndiyo maana akina mama wanaonyonyesha hutakiwa wapimwe tena, na waume zao vile vile. Baba anayekwenda kupima humlinda mtoto wake kama anavyomlinda mkewe.

Limo pia suala la mtoto kunyonyeshwa na mwanamke mwengine, jambo ambalo katika jamii yetu hufanyika pale mama anapofariki au anapougua, na ambalo huleta udugu wa kunyonya. Pamoja na kuzingatia hukumu za udugu huo, familia ihakikishe kwamba mwanamke anayejitolea amepimwa virusi vya Ukimwi kabla hajampokea mtoto.

MARADHI MENGINE YA MAMA

Mama aliyepatikana na kifua kikuu haachi kunyonyesha. Huanza dawa, hufunika mdomo na pua anapokuwa na mtoto, na mtoto hupewa dawa ya kinga kwa maelekezo ya daktari. Kinachoambukiza ni pumzi na kikohozi, si maziwa. Dawa za kifua kikuu hazimzuii mama kunyonyesha.

Homa ya ini ya aina ya B haizuii kunyonyesha, bali mtoto apatiwe chanjo mapema. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi ya mwanzo itolewe ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Homa ya malaria, mafua, kuharisha, na hata maradhi ya Uviko yaliyoenea duniani mwaka 2020, hayakuwekwa katika orodha ya maradhi ya kumwachisha mtoto. Mama mwenye homa huwa ameshaanza kutengeneza kinga, na kinga hiyo hupita katika maziwa. Hata mama aliyepatwa na kipindupindu huendelea kunyonyesha maadamu ana fahamu na nguvu, huku akinywa maji ya chumvichumvi kwa wingi na akiosha mikono kwa sabuni.

Ziwa likivimba, likawa jekundu na lenye maumivu, wengi huacha kulinyonyesha kwa kuogopa kuwa maziwa yameoza. Kwa mama asiye na virusi vya Ukimwi, kuacha huko ndiko kunakoweza kuleta jipu. Ziwa hilo linatakiwa litolewe maziwa, na mama aende kituo cha afya. Jipu likishakuwepo hupasuliwa, mtoto huendelea na ziwa la pili, na baada ya matibabu kuanza hurudishwa polepole kwenye lile la kwanza.

Zipo hali zinazotaka kusitisha kwa muda. Malengelenge ya virusi vya hepesi yakitokea juu ya ziwa au karibu na chuchu, mtoto asiguswe na ziwa hilo mpaka yakauke, kwani maradhi hayo huweza kumuua mtoto mchanga. Mama aliyetokwa na tetekuwanga siku chache kabla au mara tu baada ya kujifungua hutenganishwa na mtoto kwa muda, lakini maziwa yake hukamuliwa na mtoto kupewa.

Maradhi ya Ebola na Marburg yana hukumu yake. Mama aliyethibitika au anayeshukiwa kuwa nayo husitisha kunyonyesha na hutenganishwa na mtoto, kwa kuwa virusi hivyo huonekana katika maziwa. Maradhi ya Marburg yalithibitishwa katika Mkoa wa Kagera mwaka 2023, hivyo jambo hili si la nchi za mbali.

Kwa upande wa mama mwenyewe, kunyonyesha peke yake ni nadra kumdhuru, lakini hali yake inaweza kuwa haimruhusu. Mama aliyepoteza fahamu kwa kifafa cha mimba, mwenye sumu ya uambukizo katika damu, au ambaye moyo umeshindwa kazi, hutakiwa aokolewe kwanza. Maziwa hukamuliwa pale daktari anaporuhusu. Vile vile mama aliyepatwa na maradhi ya akili baada ya kujifungua, akawa halali, anasikia sauti, au anasema maneno ya kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika chache. Huyo ni mgonjwa anayetibika na apelekwe hospitali. Si kila mara humlazimu kuacha kunyonyesha, bali hunyonyesha akiwa na mtu pembeni yake.

DAWA NA VITU VYENGINE VINAVYOPITA KATIKA MAZIWA

Dawa nyingi anazotumia mama hupita katika maziwa kwa kiasi kidogo kisichomdhuru mtoto. Parasetamoli, dawa nyingi za kuua vijidudu, dawa za kawaida za malaria na dawa nyingi za presha huweza kutumiwa kwa maelekezo ya mtaalamu. Zifuatazo ndizo zinazohitaji tahadhari.

Dawa kali za kutibu saratani zinazoua chembechembe za mwili humtaka mama aache kunyonyesha. Mama anayetibiwa tezi la shingo au saratani yake kwa madini ya ayodini yenye mnunurisho hatakiwi kumnyonyesha mtoto huyo tena, na hushauriwa awe ameacha kiasi cha wiki 6 kabla ya matibabu, kwa sababu ayodini hiyo hujikusanya katika maziwa na huweza kuiharibu tezi ya mtoto. Mgonjwa anayepelekwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, amwarifu daktari mapema kuwa ananyonyesha ili matibabu yapangwe ipasavyo.

Dawa za ergotamini za kipandauso, pamoja na amiodaroni inayotumika kwa maradhi ya moyo, kwa kawaida huepukwa. Kodeini, inayopatikana katika baadhi ya dawa za maumivu na za kikohozi, huweza kumlevya mtoto na kumpunguzia pumzi. Dawa za salfa na primakwini zina hatari kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana kwa watu wengi wa mwambao. Dawa za kifafa na za usingizi humfanya mtoto asinzie na anyonye kwa unyonge. Mama asiziache kwa uamuzi wake, kwani kifafa kinaweza kumwangusha akiwa amempakata mtoto, lakini amchunguze mtoto na atoe taarifa. Dawa ya ayodini ya kupaka isitumiwe kwa wingi juu ya vidonda vilivyo wazi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili huweza kupunguza maziwa, hivyo mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa njia nyengine inayomfaa.

Kwa kawaida daktari ana dawa badala ya ile yenye madhara. Swali la mama lisiwe "niache kunyonyesha?", bali liwe "ipo dawa nyengine inayofaa kwa anayenyonyesha?" Wauzaji wa maduka ya dawa nao wanatakiwa wamuulize kila mwanamke iwapo ananyonyesha kabla ya kumkabidhi dawa.

Ulevi, heroini, bangi na mirungi vina madhara kwa mtoto, na mtu aliyelewa au aliyemeza dawa za usingizi asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga, kwa kuwa anaweza kumlalia bila ya kujua. Mama anayepata tiba ya methadoni chini ya uangalizi, aliyeacha kabisa dawa za kulevya, anaweza kunyonyesha. Anayevuta sigara ahimizwe aache, lakini asipoweza bado maziwa yake ni bora kuliko kopo, ilimradi asivute karibu na mtoto. Aidha, krimu za kujichubua zenye zebaki zisitumiwe na mjamzito wala anayenyonyesha. Zebaki hupenya ngozi, huingia katika damu na maziwa, na huathiri ubongo wa mtoto.

SABABU ZISIZO SABABU

Wapo wanaoamini kuwa mtoto hubemendwa, yaani hudhoofika kwa sababu wazazi wake wamekutana au mama amechukua mimba akiwa bado ananyonyesha. Maziwa hayaharibiki kwa lolote kati ya hayo. Mtoto anayedhoofika katika hali hiyo mara nyingi ni yule aliyenyang'anywa ziwa kwa siku moja na kupewa chakula kisichomtosha. Mama mwenye mimba anaweza kuendelea kunyonyesha akiwa anakula vya kutosha, isipokuwa kama anatokwa na damu au aliwahi kuharibu mimba au kuzaa kabla ya wakati. Huyo apate ushauri wa daktari. Ukweli uliomo ndani ya imani hiyo ni kuwa mimba za kufuatana humchosha mama na humpunguzia mtoto haki yake, na dawa yake ni kupanga uzazi.

Dang'a, yaani maziwa mazito ya rangi ya manjano ya siku za mwanzo, si uchafu wa kukamuliwa na kumwagwa. Ni chanjo ya mwanzo ya mtoto. Vile vile maziwa yanayoonekana mepesi hayakupungua nguvu, na hasira, uchovu au jua alilopigwa mama halibadilishi maziwa kuwa sumu.

Katika mwezi wa Ramadhani, mama anayenyonyesha ambaye anahofia afya yake au ya mtoto anayo ruhusa ya kisheria ya kula. Anayefunga na akajihisi kizunguzungu, au akaona mtoto anakojoa kidogo kuliko kawaida na analia kwa njaa, asisubiri. Funga hulipwa, na taratibu zake waulizwe masheikh. Mtoto aliyekaukiwa maji mwilini hana muda wa kusubiri.

Kurudi kazini nako si sababu ya kuachisha. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono safi katika chombo safi chenye kifuniko hukaa kwa muda wa saa 4 mahali penye kivuli na ubaridi, na hadi siku 4 ndani ya jokofu. Mlezi humpa mtoto kwa kikombe.

PALE INAPOLAZIMU KUSITISHA

Mama aliyeamriwa na daktari kusitisha kwa muda aulize mambo matatu: ni kwa siku ngapi, mtoto ale nini katika siku hizo, na maziwa yatakayokamuliwa yatumike au yamwagwe. Akamue kila baada ya saa 3 au hivyo, na angalau mara moja usiku, ili maziwa yasikauke na ziwa lisivimbe. Mtoto alishwe kwa kikombe badala ya chupa, kwa kuwa chupa ni ngumu kusafisha na humsahaulisha mtoto namna ya kushika ziwa. Wengi wanaofuata utaratibu huo hurudi kunyonyesha vizuri.

Aliyeambiwa aache moja kwa moja asiondoke hospitali mpaka ameoneshwa kwa vitendo namna ya kuandaa chakula cha mtoto, na mpaka familia imehakikisha kuwa chakula hicho kitapatikana kwa miezi yote inayohitajika. Asionewe aibu wala asisemwe, kwani ametekeleza amri ya tiba.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Waume, mabibi na mashangazi, ambao sauti zao husikilizwa nyumbani kabla ya sauti ya daktari, wanaombwa wasimwamrishe mama kuacha kunyonyesha kabla hajafika kituo cha afya. Masheha na wakunga wa jadi wanaposikia kuwa mtoto wa chini ya miezi 6 ameachishwa ziwa katika shehia zao wamshauri mzazi aende kliniki ya mama na mtoto. Wakuu wa idara wawape watumishi wanaonyonyesha nafasi na faragha ya kukamua maziwa. Wafanyakazi wa afya nao wanakumbushwa kuwa neno "acha kunyonyesha" ni uzito wa dawa: lisitolewe bila ya sababu iliyothibitishwa, wala bila ya kueleza mtoto atakula nini siku hiyo hiyo.

Mama mwenye wasiwasi wowote aendelee kunyonyesha huku akielekea kituo cha afya kilicho karibu naye, isipokuwa katika hali zilizotajwa hapo juu ambazo haziruhusu kusubiri, nazo ni malengelenge juu ya ziwa, dalili za Ebola au Marburg, na dawa ambayo daktari ameshasema haifai kwa anayenyonyesha. Achukue pamoja naye kadi ya kliniki ya mtoto na dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba, ili mtaalamu azione na kuamua kwa uhakika.